Tundu la Tano

Chumba cha Uendeshaji
4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mama goti linamsumbua na sasa analisingizia kila kitu, hata kuunguza chakula. Kaka amepata mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya honi ya lori. Mama anauliza utakuja lini kumwona, na amesema usimjibu kwa "nitaangalia".

Sasa jambo lenyewe. Bado nimepigwa na butwaa hata ninavyoandika hivi. Unajua nimekuwa nikizunguka vituo vyote vya pampu kufunga swichi za mtandao, ili vipimo vyenu vifike hapa kwenye kioo cha kompyuta badala ya kutangazwa redioni kama matokeo ya mpira. Kilibaki kituo chako tu, cha mwisho kwenye bomba. Begi nilikwishafunga. Ndipo mto ukabeba daraja la magari.

Msimamizi akaniita. Nilidhani anataka kusema tusubiri. Akasema kisanduku kitakwenda na mtu wa mafuta, yule wa pikipiki, anavuka kwa daraja la miguu, na wewe utakifunga mwenyewe. "Mwandikie," akasema. Nikamwambia kazi hii haifundishwi kwa barua. Akaniuliza mimi bisibisi nilifundishwa na nani. Jibu ni wewe. Simu haishiki huko kwako, na redio inasikilizwa na vituo vyote, kwa hiyo kalamu ndiyo hii.

Zima umeme wa kabati kwanza. Swichi ni kisanduku cha chuma, hakina feni, mgongoni kina mapezi ya kutoa joto. Kwenye kabati kuna reli ya chuma iliyolala. Kining'inize kwa juu, kisha kisukume kwa chini mpaka kibofye. Waya wa ethi, unaoshuka ardhini, ndio wa kwanza, ule wa kijani na njano. Ndipo waya wa umeme: mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye ya kutoa. Kuna njia mbili za umeme, ya pili iunge na betri ili moja ikikatika kisizime. Ukiwasha, taa ya kijani itawaka. Hapo unipe habari.

Msalimie sana mkaza-mjomba.

Mpwa wako


Kituo cha Mwisho
19 Machi

Bibi Nyaya,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mkaza-mjomba wako yuko hapa hapa mezani na anakusalimu. Mama yako mwambie goti lipewe jina, limekuwa mtu mzima sasa. Mtoto nitakuja kumwona mvua zikipita.

Mtu wa mafuta amekileta kisanduku amekikumbatia kifuani kama ameiba. Nimekishika. Ni kizito kuliko nilivyodhani, na kingo zake hazikwaruzi, aliyekitengeneza alikuwa na adabu. Reli nimeipata, kimebofya kama ulivyosema.

Ila umenitajia waya kwa rangi. Rangi si kitu cha kutegemea, mwanangu, hufifia. Waya wa kituo hiki nimeufunga mafundo: wa kwenda fundo moja, wa kurudi mawili, na wa ethi hauhitaji fundo kwa unene wake. Kwa hiyo nitajie pande. Kulia au kushoto, juu au chini. Hayo matundu ya kebo nayo hujasema yamepangwaje. Na hiyo taa ya kijani, haina mlio?

Mjomba wako


Chumba cha Uendeshaji
28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Goti la mama limepata jina, ila siwezi kuliandika hapa.

Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Mjomba, taa yenye mlio inaitwa kengele. Lakini sawa, mzee wa mafundo, nitakutajia pande. Skrubu za umeme ziko juu ya kisanduku: ya kwenda kushoto, ya kurudi inayofuata, halafu jozi ya betri, halafu mbili za mwisho kulia ni za tahadhari, hizo ziache. Matundu yako mbele, safu moja wima. La kwanza liko chini kabisa, la tano juu kabisa.

Faiba mbili, zile kebo nyembamba za mtandao, zinaingia kwako, moja kutoka kila upande wa duara. Vituo vyote vimeshikana duara ili kebo ikikatika huku, habari zipite kule. Chomeka moja tu, tundu la kwanza. Mimi huku nitakiona kisanduku chako, nikipe anwani yake, nenosiri, na nikifundishe kwamba kipo kwenye duara. Nikimaliza, taa yenye herufi R itaacha kupepesa na kutulia. Ndipo uchomeke ya pili, tundu la pili. Kabla ya hapo usithubutu. Duara ambalo halijafundishwa ni kama umbea wa ukoo: unatoka kwa shangazi, unazunguka nyumba zote, unamrudia shangazi mwenyewe, naye anadhani ni mpya na kuusambaza tena, hadi hakuna anayeweza kusema neno jingine.

Tundu la tano ni la kamera, ile makandarasi waliyoiweka ukutani. Hiyo ya mwisho.

Nina mawili ya kukuchokoza. Mwandiko wako siku hizi umenyooka, zamani ulikuwa kama kuku amekanyaga wino. Na redioni unatua kidogo kabla ya kila namba, kama mtu anayemsikiliza mwenzake. Ndio uzee huo?

Mpwa wako


Chumba cha Uendeshaji
9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Asubuhi nilikiona kisanduku chako, nikafurahi, nikakipa anwani. Nikaanza kukifundisha duara. Sikumaliza. Vioo vyote viliganda kwa pamoja. Namba zikasimama, kisha zikafutika, kituo kimoja baada ya kingine, na pampu zisiposikia amri hujizima zenyewe. Nilikuwa nimekaa na kidole juu ya kibonyezo, sijui nimegusa nini. Msimamizi alisimama nyuma yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Umefanya nini?"

Mji umekosa maji asubuhi yote. Tulipokata faiba ya upande wako ndipo kila kitu kikaanza kupumua. Uliichomeka ya pili, Mjomba. Wewe, uliyenipiga kofi la mkono nilipogusa plagi kabla ya kuuliza. Taa ilikuwa inapepesa mbele ya uso wako. Ulikosaje kuiona?

Nimesema kosa ni langu, kwamba sikueleza vizuri. Naomba unijibu upesi.


Kituo cha Mwisho
27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mkaza-mjomba wako alikuwa na mafua, yamepoa.

Taa niliiona imetulia. Labda ilitulia kidogo ikaanza tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na umenibebea kosa ambalo si lako, jambo ambalo sikukutuma. Faiba ya pili nimeichomoa na sitaigusa mpaka useme redioni neno "haya".

Kamera haina haraka. Ukuta huu hauna cha kutazama.

Mjomba wako


Chumba cha Uendeshaji
11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto ameanza kucheka, mama anasema anacheka kwa upande wetu.

Nilisema "haya", ukachomeka, na duara limefunga bila vurugu. Tumelijaribu: tumekata kebo kwa makusudi katikati ya njia, na vipimo vyako vikaja kwa upande wa pili kabla sijapepesa. Kazi nzuri, ila redioni endelea kuvitaja mpaka mradi ukabidhiwe. Kwa nini basi hunijibu kuhusu kamera? Ni kuchomeka tu, tundu la juu kabisa. Mwezi wa saba wakubwa wanakuja kukabidhiwa mradi na wanataka kuona kila kituo. Nisipopewa kamera yako nitaonekana sijamaliza.

Na mama anasema mvua zimepita.

Mpwa wako


Chumba cha Uendeshaji
2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika mstari huu na kuufuta mara nyingi.

Jana mchana tundu la tano limewaka. Nikafurahi, nikafungua picha kuijaribu. Kituo chako kilijaa kwenye kioo, jua limeingia dirishani, kila kitu kinaonekana. Uko mbele ya kabati. Uso wako umeuelekeza ukutani na vidole vyako vinapanda kwenye matundu, kutoka chini kwenda juu, kimoja kimoja, bila kufika la juu kabisa. Mkaza-mjomba yuko mezani na kalamu. Unasema, anaandika. Kisha akaenda kwenye saa ya mgandamizo, akaisoma, akakunong'oneza, ndipo ukashika redio. Nami nikakusikia kwenye spika ya chumba hiki ukitaja namba ya mgandamizo.

Halafu uligeuka ukatazama kamera moja kwa moja. Nikakupungia mkono kama mjinga. Macho yako yakanipita.

Mwandiko, mafundo, "haina mlio?" Yote nilikuwa nayo mikononi nikayacheka. Tangu lini, Mjomba? Kwa nini usituambie? Mama ni ndugu yako wa tumbo moja.

Nilikuwa peke yangu chumbani. Nimelifunga tundu la tano kutoka huku, hakuna mwingine aliyeona. Niambie nifanye nini.


Kituo cha Mwisho
15 Juni

Mwanangu,

Huu mwandiko unaujua, umeusoma muda wote huu ukidhani ni wa mjomba wako. Ni mimi, mkaza-mjomba wako. Leo ndiyo mara ya kwanza naandika maneno yangu, na sijui nianze na mguu gani.

Ni presha ya macho. Ilianza masika ya mwaka juzi. Alimkanyaga kuku, akasema kuku amehamia mahali pasipofaa. Kisha akagonga mlango uliokuwa wazi nusu, akausema mlango. Nilipompeleka kwa daktari tuliambiwa tumechelewa, na kilichopotea hakirudi. Tulipofika nyumbani akaniapisha nisimwambie mtu, kwa mdomo wala kwa kalamu.

Usimdhanie vibaya. Nyumba hii ni ya kituo. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Hapa anajua kila kizingiti, anaijua pampu kwa mlio, anakwenda kisimani na kurudi bila fimbo. Mtoe hapa ndipo atakuwa kipofu.

Siku ya mkasa nilikuwa nje naanika nguo. Aliniita mara moja, upepo ukaichukua sauti. Mjomba wako na kuita mara ya pili ni maadui. Akachomeka.

Kamera nimeichomeka mimi. Yeye alikuwa nje anatia pampu grisi. Nilijua utatazama. Niliapa kwa mdomo na kwa kalamu, lakini waya hakuutaja. Nimechoka, mwanangu. Naogopa siku nitakayougua mafua mabaya zaidi.

Barua yako sijamsomea. Nimemsomea nyingine niliyoitunga, kwamba goti la mama yako lina nafuu na mtoto ameota jino.

Wako


Chumba cha Uendeshaji
22 Juni

Mkaza-mjomba,

Shikamoo. Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Sijui kipi kimenishtua zaidi, macho yake au barua uliyoitunga. Mtoto hajaota jino.

Tundu bado nimelifunga. Nimemwambia msimamizi kamera ina hitilafu. Naweza kuliacha hivyo. Lakini pampu hiyo ndiyo inayosukuma maji ya mji huu, na nawaza siku moto utakapotoka upande ambao hauna mlio na wewe uko nje na nguo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sitaki kilio hicho kiwe chenu.

Siwezi kuamua mimi, wala wewe. Tafadhali msomee hii, na ile ya tarehe mbili. Neno kwa neno.


Kituo cha Mwisho
1 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimesomewa. Zote, pamoja na ile yenye jino.

Kisha nikakasirika, nikaacha kusema na mkaza-mjomba wako, na kwa kuwa siwezi kuandika bila yeye, barua hii ikachelewa. Ndivyo nilivyogundua nimebaki na nini. Mtu huwezi kumnunia mkono wako mwenyewe.

Nikwambie kitu. Asubuhi ile nilipochomeka, pampu ilizimika. Nimeishi na mlio ule muda mrefu kuliko nilivyoishi na mama yako. Ulipokatika nilisimama na faiba mkononi nisijue nimefanya nini, na sikuwa na wa kumwuliza ila hewa. Sijawahi kuogopa hivyo. Nikawaza watu wenye ndoo kwenye mabomba, na mama yako na goti lake akiwa mmoja wao, na hakuna anayejua kwamba ni kwa sababu mimi sipendi kuita mara mbili.

Lifungue. Siku wakubwa watakapokuja, fungua tundu la tano. Nitasimama mbele ya hiyo kamera yenu na kusema mwenyewe redioni. Kama ni kuondoka tutaondoka.

Mjomba wako


Chumba cha Uendeshaji
14 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Wewe ulikuwa upande wa redio tu, kwa hiyo nikusimulie wa huku.

Wakubwa walikuwa wamekaa na vikombe vyao. Nikafungua tundu. Ulikuwa umevaa shati jeupe na umesimama wima. Msimamizi akatabasamu, akasema, "Huyu ndiye mtu wetu wa miaka mingi." Ndipo ukabonyeza redio ukasema, "Mimi sioni. Sijaona tangu masika ya mwaka juzi. Maji yaliyokatika mwezi wa nne niliyakata mimi, si mpwa wangu." Hakuna aliyeshusha kikombe. Mkubwa wa wakubwa alinitazama mimi, akatazama kioo, akatazama spika, kama anatafuta wapi pa kukukanusha.

Msimamizi alichukua redio. Uso ulikuwa umemshuka. Akauliza, "Basi nani amekuwa akisoma vipimo?" Na mkaza-mjomba, bila kuombwa, akashika redio mkononi mwako akasoma vyote, mgandamizo, mafuta, kina cha tangi, bila kutua popote. Nikaviangalia na vile vilivyoletwa na swichi kwenye kioo. Vililingana. Msimamizi naye alikuwa anaangalia hapo hapo.

Akakaa chini. "Kumbe tulikuwa na watu wawili huko," akasema, "tukamjua mmoja."

Hawajaamua. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kulifunga tundu na kusema uongo, na imenistahili. Mama nimemwambia. Akasema, "Mpumbavu yule," akaingia ndani kulia.

Nawaombea.


Kituo cha Mwisho
9 Agosti

Bibi Nyaya,

Marahaba. Mama yako alifika juzi na mtu wa mafuta. Amepanda pikipiki na goti lake, akanitukana tangu alipovuka mto, kisha akanishika uso wote kwa mikono miwili, akaniwekea mtoto mapajani. Mnene kweli. Jino hana, nimekagua kwa kidole.

Barua ya wakubwa imesomwa hapa mara nyingi hata naijua kwa moyo. Mimi nimestaafishwa na sitakiwi kugusa kabati. Lakini mwangalizi mpya wa kituo, kwa majaribio, ni mkaza-mjomba wako. Kwa hiyo sasa mimi ni mume wa mwangalizi. Nyumba ni yake, mimi ni mgeni, na ananiamuru nifute miguu. (Anafuta vibaya. Mwangalizi.)

Kengele uliyotuma ameifunga kwenye zile skrubu mbili za mwisho kulia, ulizosema tuziache. Tukakata betri kuijaribu. Ikalia. Nilishtuka nusura niangushe chai, kisha nikacheka mpaka machozi. Kumbe mlio ulikuwamo tangu mwanzo.

Kila asubuhi, saa ya kuingia kwako kazini, nasimama pale na kuipungia kamera. Sijui kama unaona. Mkaza-mjomba wako akinikuta hucheka, na hataki kuniambia kwa nini.

Mjomba wako


Chumba cha Uendeshaji
20 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Anacheka kwa sababu kamera iko kushoto kwako. Tangu mwezi ulipoanza umekuwa ukiupungia mkono mtungi wa kuzimia moto, tena kwa heshima kubwa.

Usihame. Nakuona vizuri kutoka hapo, na kila asubuhi huwa napunga.

Mpwa wako